Kwa Nini Subaru Inanguruma Vile? Ijue Manifoldi ya Ekzosi Kabla Hujaibadilisha

Mngurumo wa Subaru Impreza ya turbo unatambulika hata kabla gari halijaonekana. Mtu amekaa sebuleni, anasikia "bu-bu-bu-bu" ikipita barabarani, na anajua kabisa hiyo si Toyota.

Wengi wanadhani sauti ile inatoka kwenye sailensa kubwa iliyofungwa nyuma. Wengine wanasema ni turbo. Chanzo chake kikubwa hasa ni mabomba yaliyojificha chini ya injini, ambayo wenye magari wengi hawajawahi kuyaona kwa macho: manifoldi ya ekzosi.

Na hakuna mhandisi aliyekaa chini akaibuni sauti hiyo. Ilijitokeza tu, kwa sababu njia ya moshi ya upande mmoja wa injini ilikuwa ndefu kuliko ya upande wa pili.

Leo manifoldi za dukani za kubadilishia zile za kiwandani zinauzwa kila kona, mpya na za mitumba. Anayenunua huwa anataka vitu viwili: nguvu na sauti. Kwenye Subaru, vitu hivyo viwili mara nyingi havikai pamoja, na wapo waliolipa pesa nyingi wakapata nguvu kidogo na kuupoteza ule mngurumo waliokuwa wanaupenda.

Kazi ya manifoldi

Kila silinda ikishachoma mafuta, vali ya kutolea moshi inafunguka na gesi ya moto inaruka nje kwa presha. Manifoldi ndiyo inayoipokea. Inakusanya gesi ya silinda zote na kuipeleka kwenye bomba moja, au kwenye turbo kama gari lina turbo.

Magari mengi ya kawaida yana manifoldi nzito ya chuma cha kumiminwa kwenye kalibu. Ni ya bei nafuu, inadumu, haipigi kelele. Zile za michezo hutengenezwa kwa mabomba yaliyokunjwa na kuchomelewa, kila silinda na bomba lake, na mafundi wengi wanaziita heda.

Kitu cha kushika hapa ni kwamba moshi hautoki mfululizo kama maji ya bomba. Unatoka kwa vishindo. Injini ya silinda nne inatoa vishindo viwili kila inapozunguka mara moja. Ikiwa sailensi kwa mizunguko 750 kwa dakika, hiyo ni vishindo 25 kwa sekunde. Ikifika mizunguko 6,000, ni vishindo 200 kwa sekunde.

Sauti ya gari ni vishindo hivyo tu, na namna vinavyopangana. Sailensa ya nyuma inaamua ukubwa wa sauti na unene wake. Mdundo wenyewe unawekwa na injini pamoja na manifoldi. Ndiyo maana kijana anaweza kufunga sailensa ya Subaru kwenye Toyota Corolla na bado asipate mngurumo wa Subaru. Atapata Corolla inayopiga kelele.

Hesabu ya mngurumo

Subaru ilitoa gari lake la kwanza la injini ya boksa mwaka 1966, likaitwa Subaru 1000. Jina boksa linatokana na pistoni zinavyosogea: zimelala kulia na kushoto, zinakwenda na kurudi kama mabondia wanaorushiana ngumi. Injini iliyoifanya kampuni hiyo ijulikane duniani, ile ya familia ya EJ, ilikuja mwaka 1989 na Subaru Legacy, kisha ikaingia kwenye Impreza mwaka 1992.

Kwenye EJ, silinda namba 1 na 3 ziko kulia, namba 2 na 4 ziko kushoto. Mpangilio wa kuwaka ni 1-3-2-4. Kwa hiyo vishindo vinatoka hivi: kulia, kulia, kushoto, kushoto.

Turbo iko upande wa kulia wa injini. Moshi wa silinda 1 na 3 una safari fupi. Moshi wa 2 na 4 lazima upite chini ya injini, uvuke hadi kulia, ndipo upande kwenda kwenye turbo. Unafika umechelewa, na umepungua nguvu njiani.

Tuseme njia ya kushoto imezidi kwa nusu mita. Ndani ya moshi wa moto, sauti husafiri kwa zaidi ya mita 500 kwa sekunde (hewani kwa kawaida ni kama 340), hivyo nusu mita ni ucheleweshaji wa karibu sekunde moja ya elfu. Inaonekana si kitu. Lakini kwa mizunguko 3,000 kwa dakika, kati ya kishindo na kishindo kuna sekunde kumi tu za elfu. Nafasi zinazopatikana zinakuwa 10, 11, 10, 9, halafu zinarudia. Juu ya hapo, vishindo viwili vina nguvu na viwili vimelegea.

Sikio la binadamu ni kali sana kwa mdundo usio sawa. Badala ya kusikia vishindo 100 vinavyofanana kwa sekunde, linasikia pia kundi zima la vishindo vinne likijirudia mara 25 kwa sekunde. Hiyo ni sauti nzito zaidi, iko chini kabisa, na ndiyo ile "bu-bu-bu" inayotikisa vioo vya dirisha. Gari likiwa sailensi, kundi linajirudia mara sita hivi kwa sekunde, na hapo unaweza karibu kulihesabu.

Volkswagen Beetle nayo ina silinda nne zilizolala, lakini haingurumi kama Impreza. Injini ni ya kupozwa kwa hewa, haina turbo, na mabomba yake yamepangwa kivyake. Boksa peke yake haitoshi kuleta ile sauti.

Sauti iliyopendwa Safari Rally

Kwa Afrika Mashariki, mapenzi ya sauti hii yana historia. Colin McRae alishinda Safari Rally ya mwaka 1997 nchini Kenya akiwa na Impreza, na Richard Burns akaishinda ya mwaka 2000, naye na Impreza. Subaru ilichukua ubingwa wa dunia wa watengenezaji mara tatu mfululizo, 1995 hadi 1997. Watoto waliosimama kando ya barabara za vumbi wakati ule ndio watu wazima wanaoagiza Impreza na Forester za turbo leo.

Ila hapo ndipo baadhi yao wanapokutana na jambo la kushangaza. Wanaagiza gari kutoka Japani, linashushwa bandarini, wanaliwasha, na halingurumi.

Hakuna aliyetapeliwa. Kuanzia miaka ya mwanzo ya 2000, Subaru ilianza kuweka kwenye baadhi ya magari ya soko la Japani manifoldi ya mabomba yenye urefu sawa. Impreza WRX STI za Japani zikapata turbo yenye njia mbili za kuingizia moshi: silinda 1 na 2 zinaingia njia moja, 3 na 4 njia nyingine. Legacy GT iliyotoka mwaka 2003 nayo ikaja na mpango huo. Vishindo vya silinda zinazoshirikiana njia vinapishana kwa nafasi sawa, havigongani, na turbo inaamka mapema zaidi.

Kihandisi yalikuwa maendeleo, ila mngurumo ulibaki nyuma. Wakati huohuo STI za masoko kama Marekani ziliendelea na manifoldi ya urefu tofauti, zikaendelea kunguruma hadi uzalishaji wake ulipofika mwisho kwenye toleo la 2021. Huko Japani injini ya EJ20 iliagwa mapema zaidi, kwa STI 555 za toleo maalumu zilizotangazwa mwaka 2019. Namba hiyo haikuchaguliwa hivihivi: 555 ndiyo iliyokuwa imeandikwa ubavuni mwa Impreza za rali.

Kwa hiyo anayenunua Subaru ya turbo kwa ajili ya sauti aulize kwanza manifoldi iliyopo ni ya aina gani. Mwaka wa gari na beji ya STI havitoshi kumpa jibu.

Ukibadilisha, unapata nini?

Mwenye Impreza inayonguruma akifunga manifoldi ya mabomba ya urefu sawa, sauti inabadilika papo hapo. Inakuwa laini, ya juu, kama injini nyingine yoyote ya silinda nne iliyochangamka. Wapo wanaoipenda. Wapo wanaorudi kwa fundi ndani ya wiki wakitaka ya zamani irudishwe. Faida ya nguvu ipo, hasa kwa injini iliyowekewa turbo kubwa na kupangiwa upya kompyuta, lakini kwa gari la kawaida la kwenda kazini ni ndogo kuliko matangazo yanavyodai.

Akifunga manifoldi ya dukani ya urefu tofauti, mngurumo unabaki, na mara nyingi unakuwa mnene zaidi kwa kuwa mabomba ni mapana. Nguvu inayoongezeka hapa nayo si ya kutisha.

Toyota 86 na ndugu yake Subaru BRZ, zilizotoka mwaka 2012, ni kinyume chake. Injini ni boksa ya lita 2 bila turbo, na kiwanda kiliweka mabomba ya urefu sawa. Matokeo yake ni gari la michezo lenye sauti ya adabu mno, kiasi kwamba watengenezaji waliweka kibomba cha kupeleka mlio wa hewa inayoingia kwenye injini hadi ndani ya kabini, dereva apate kusikia kitu. Wenye magari hayo hununua manifoldi ya urefu tofauti makusudi, ili tu kurudisha dosari ambayo Toyota na Subaru waliiondoa. Wengine hununua ya urefu sawa iliyopangwa vizuri zaidi, kwa sababu injini hiyo ina bonde la nguvu katikati ya mizunguko, na manifoldi nzuri pamoja na kompyuta iliyopangwa upya hulijaza kwa kiasi. Ya kwanza inampendeza anayesikiliza, ya pili anayeendesha.

Kosa la kawaida kitaani ni kuchanganya. Mtu anaona "heda ya Subaru" mtandaoni, bei nzuri, anaagiza. Ikifika, anakuta ni ya turbo ya njia mbili wakati yake ina njia moja, na haifungiki. Au inafungika vizuri, gari linawaka, na mngurumo umekwenda.

Ferrari, Lexus na V8 za Marekani

Kanuni hiyohiyo ya vishindo inaeleza sauti za magari mengine makubwa.

V8 za Kimarekani zinabwatabwata kwa sababu krenki yake ina umbo la msalaba: vishindo vya injini nzima vinatoka kwa nafasi sawa, lakini ukisikiliza upande mmoja peke yake, vinakuja ovyo, viwili vya haraka kisha kimya kidogo. Kila upande una manifoldi yake, basi ule uovyo unafika hadi nje. V8 za Ferrari za michezo hutumia krenki bapa, ambayo vishindo vyake vinapokezana kulia na kushoto kwa usawa. Ndiyo maana zinapiga mluzi mkali badala ya kubwata.

Ford GT40 ya miaka ya 1960 ilifanya kitu cha ajabu zaidi. Ilikuwa na krenki ya msalaba, lakini mafundi wake walivusha baadhi ya mabomba ya upande huu hadi upande ule, ili vishindo vijipange sawa. Nyuma ya gari palionekana kama furushi la nyoka, na jina hilo likaganda hadi leo. Sauti yake haikuwa tena ya V8 ya kawaida ya Marekani. Injini ileile, mabomba mengine, sauti nyingine kabisa. Hakuna mfano bora wa kuonyesha manifoldi inaweza kufanya nini.

Lexus LFA, iliyotengenezwa magari 500 tu, ina V10 ya lita 4.8 inayozunguka hadi mara 9,000 kwa dakika. Kwa kasi hiyo vinatoka vishindo 750 kila sekunde, vyote kwa nafasi sawa, na ndiyo maana sauti yake iko karibu na ala ya muziki kuliko mashine. Yamaha, kampuni inayotengeneza pia piano na magitaa, ilishiriki kuitengeneza injini na kuipanga sauti hiyo.

Ile milio ya "pa! pa! pa!" wakati dereva anaachia mafuta ni mambo mengine. Hiyo ni petroli inayowaka ndani ya ekzosi, mara nyingi kwa sababu kompyuta imepangwa hivyo makusudi. Manifoldi haihusiki sana, zaidi ya kuunguzwa nayo. Masega na turbo navyo vinaumia.

Hatari ambazo duka halikuambii

Kubwa kuliko zote ni moshi kuvuja. Moshi wa petroli una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na inaua. Manifoldi iliyopasuka au gasketi iliyoungua huvujishia chini ya boneti, na feni ya hewa ya kabini inaweza kuivuta ndani walipo watu. Dereva anayepata kichwa kuuma kila akikaa kwenye foleni asikimbilie kulaumu joto la mchana. Apeleke gari likaguliwe.

Mvujo unaharibu na mengine. Kati ya kishindo na kishindo, hewa ya nje huingia kupitia tundu, sensa ya oksijeni inaiona, kompyuta inadhani mafuta ni machache, inaongeza. Gari linakunywa petroli na hakuna anayejua kwa nini. Kama mvujo uko kabla ya turbo, gari linakuwa zito kuondoka.

Jambo la pili ni kompyuta. Manifoldi inayopitisha moshi kwa urahisi zaidi inaweza kuifanya turbo ipandishe presha kupita kiwango kilichowekwa. Kompyuta ya kiwandani haikupangwa kwa hali hiyo. Mchanganyiko ukiwa na mafuta machache wakati presha iko juu, injini inagonga ndani kwa ndani. Kwenye EJ25 za turbo, pistoni hupasuka kwenye kuta nyembamba zilizo kati ya ringi, na udhaifu huo unajulikana hata kwa magari ambayo hayajaguswa. Kwa hiyo bei ya manifoldi si bei ya manifoldi peke yake. Kuna kupanga kompyuta, na anayekwepa gharama hiyo anaweza kuishia kununua injini.

Halafu kuna barabara zetu. Kwenye boksa, matundu ya moshi yanatazama chini, hivyo manifoldi inapita sakafuni mwa injini, karibu na ardhi. Ya kiwandani ina makava ya chuma ya kukinga joto na kawaida kuna kinga chini yake. Nyingi za dukani huja uchi. Impreza iliyoshushwa ikipanda tuta vibaya, kitu cha kwanza kugonga kinaweza kuwa kile kile kilichonunuliwa juzi.

Ubora wa chuma nao unatofautiana sana. Chuma cha pua cha daraja la 304 ndicho kinachotumika kwa wingi. Daraja la 321 linastahimili joto la turbo vizuri zaidi na bei yake iko juu. Za bei ya chini huwa na mabomba membamba na vibao vyembamba vya kufungia, vikipata moto vinajikunja, gasketi inaachia. Sehemu za kuchomelea ndizo hupasuka kwanza. Na wakati wa kufungua ya zamani, nati zilizoshika kutu huweza kukatikia ndani ya kichwa cha injini, ambacho ni cha alumini. Fundi asiye na subira anaweza kugeuza kazi ya mchana mmoja kuwa ya wiki.

Masega je? Kwenye Toyota 86, masega ya kwanza yamejengwa ndani ya manifoldi yenyewe. Anayenunua ya dukani isiyo na masega anatoa kichujio cha moshi chenye platinamu, paladiamu na rodiamu. Taa ya injini itawaka kwenye dashibodi, na gari litanuka.

Sheria zipo pia. Kenya ina kanuni za kudhibiti kelele za mwaka 2009 zinazosimamiwa na NEMA, na Tanzania ina kanuni zake za mwaka 2015 chini ya NEMC. Kelele kubwa usiku mtaani inaweza kumweka mwenye gari mashakani, hata kama yeye anaita muziki.

Unaponunua iliyotumika

Subaru ya mitumba iliyobadilishwa manifoldi ni bora isikilizwe asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa. Mwenye gari akiwa ameliwasha na kulipasha moto kabla mnunuzi hajafika, mnunuzi aombe kurudi siku nyingine.

Injini ikiwashwa ya baridi, sikiliza kwa chini. Mlio wa "tik-tik-tik" unaofuata mizunguko ya injini, halafu unapotea baada ya dakika chache, mara nyingi ni ufa au gasketi inayovuja: chuma kikipata moto kinatanuka na kuziba tundu kwa muda. Angalia kama kuna alama nyeusi za masizi pale manifoldi inapokutana na kichwa cha injini. Tochi ya simu inatosha, mradi mtu akubali kulala chini.